Mifereji ya Namkunda

Sogeeni karibu, hadithi ishafika.

Zamani majani yalikuwa tepetepe, hayana mshipa hata mmoja. Zimwi likaikalia chemchemi, mimea ikanyauka. Namkunda, mchimba mifereji, akaenda na mtungi, zimwi likauvunja. Akaenda na kibuyu, likakiponda. Mara ya tatu akaenda na mwiba tu.

“Ukichimba ardhi yangu nitakumeza,” zimwi likanguruma.

“Ardhi yako siigusi.”

Akavuta jani la mti uliokuwa karibu, akachora kwa mwiba mfereji mkuu katikati na midogo kila upande, kama wagawavyo maji mashambani kwao. Mizizi ikafyonza maji chini ya matako ya zimwi, jani likajaa, likasimama. Majani yote yakaiga.

Inueni jani juani mtazame: maji yangali yanapita. Zimwi limekalia tope.