Bibi Gelinda Aliyewashibisha Wavuta Mgeni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmemeza pamba? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kaskazini mwa Italia, palikuwa na kijiji cha njia panda. Juu, milima ya theluji. Chini, ziwa. Kando, mizabibu, mizabibu, mizabibu. Hapo aliishi Bibi Gelinda, ajuza mwenye nyumba ya wageni. Nyumba ipo, wageni hakuna.

Kwa nini? Kila msafiri akitokea, wanaume watatu humrukia. Bortolo wa mlimani huvuta mkono wa kulia: "Twende ukaone theluji." Tarcisio wa ziwani huvuta wa kushoto: "Theluji gani, hata mbuzi wanaikimbia. Twende ukapande mashua." Fermo wa mizabibu, kwa kukosa mkono wa kuvuta, huvuta koti. Vuta nikuvute, charrr. Msafiri hutimua mbio na nusu koti.

Siku moja akaja Bwana Ulderico, msafiri mnene, mpole. Gelinda akajua: huyu naye akikimbia, nafunga mlango, naenda kulelewa na mkamwana wangu. Na mkamwana mwenyewe, jamani, ulimi wake upupu.

Wale watatu wakamrukia. Vuta nikuvute.

"Wanangu," akasema Gelinda, "mtu havutwi kwa tumbo tupu. Ingieni."

Desturi yao ni hii: ugali wa mahindi humwagwa juu ya meza, pwaa, na soseji moja katikati. Hurukii nyama. Unakula kutoka ukingoni, unachimba njia mpaka uifikie.

"Atakayeifikia kwanza, mgeni ni wake."

Wakala. Nyam, nyam, nyam. Gelinda akamwaga sufuria la pili juu ya ule wa kwanza. Pwaa. Nyam, nyam. La tatu. Pwaa.

"Bibi, mbona soseji siioni tena?" akauliza Fermo.

"Ipo, mwanangu. Kula."

Mkanda wa Bortolo ukakatika. Tarcisio akateremka chini ya meza, asirudi. Fermo akaanza kutoa wosia.

Gelinda akamgeukia mgeni. "Sasa mikono yako ni yako. Unataka kuona nini?"

"Vyote," akasema Ulderico. "Tangu mwanzo nilitaka vyote. Hawa hawakuniuliza."

Akapanda mlimani, akateleza, pu, akacheka peke yake. Akazunguka ziwa kwa mashua. Akala zabibu mpaka midomo ikawa myeusi. Na kila jioni alirudi kulala kwa Gelinda. Mwaka uliofuata alikuja na mke, mashemeji na mama mkwe. Vitanda havikutosha, ikabidi Bortolo, Tarcisio na Fermo wagawiwe mashemeji wakawalaze kwao.

Basi jamani, mgeni huulizwa, haburutwi. Hadithi yangu imefika ukingoni. Nanyi nendeni mkale, taratibu.