Harusi ya Matairi Matatu

Hapo zamani, na wala siyo zamani ya mababu, zamani hii ya juzijuzi tu, simu bado zina tochi kichwani na vocha bado za kukwangua, palikuwa na mtaa unaitwa Kokoto. Na Kokoto palikuwa na watoto sita ambao miguu iliwagomea. Akili zinachemka, midomo haifungi, ila shule iko nyuma ya kilima, na kilima kile hata wenye miguu kiliwatoa ulimi.

Basi kila asubuhi wakawa wanabebwa. Mbebaji mkuu alikuwa Chausiku, binti wa mihogo ya kukaanga. Anambeba wa kwanza mgongoni, anarudi kugeuza mihogo. Anambeba wa pili, anarudi kugeuza mihogo. Wa tatu akifika, wenzake wako mapumziko. Wa tano akifika, kengele ya kurudi nyumbani inalia. Wa sita, kitoto kinaitwa Mwanahawa, hakijawahi kufika hata siku moja. Kinavaa soksi asubuhi, kinavua soksi jioni.

Bi Sikudhani, nesi mstaafu, akaona hapana. Akaunda kikundi, akakiita Twende Shule. Kikundi kina mhuri, kina katiba ya kurasa nne, kina bendera. Hela hakina. Siku moja akaita mkutano.

"Tunataka bajaji," akasema. "Pale barabarani kuna muuzaji anayo moja, imetumika lakini injini nzima. Milioni nne. Sasa sikilizeni vizuri. Atakayetuletea hiyo bajaji, ndiye dereva wake. Mshahara kila mwezi, kikundi kinalipa."

Mkutano mzima ukanyoosha shingo. Mshahara! Kokoto neno hilo walikuwa wanalisikia kwenye redio tu.

Mikono mitatu ikanyooka. Wa Sadoki, kijana mwenye mwandiko mzuri kama umepigwa mashine. Wa Hamdani, muuza mitumba, sauti yake ikikohoa sokoni watu wanageuka. Na wa Chausiku. Wote watatu wana leseni. Ya Chausiku ilikuwa na miaka miwili, imefungwa kwenye nailoni, imelala chini ya ndoo ya unga, maana kila mwenye bajaji aliyemfuata alimjibu hivyohivyo: "Dada, wewe kaanga mihogo." Alikuwa amechoka kuambiwa akaange mihogo. Kiti kile alikitaka mpaka usingizini mguu wake unatafuta breki.

Sadoki akaanza. Akaliandikia shirika la kwanza la misaada, kimya. La pili, "tumepokea barua yenu." La tatu, "tumepokea barua yenu." La nne wakauliza kama kikundi kina tovuti. La tano hakuandika, alikwenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi siku tatu mpaka mlinzi akawa anamgawia chai. Siku ya nne bosi akachoka kumruka mlangoni.

Sadoki akarudi Kokoto anakimbia. "Tumepata! Tukitoa milioni mbili zetu, na wao wanaweka mbili zao! Ila mwisho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi kamili. Ikipita, hesabu zao za mwaka zinafungwa. Nimeshasaini."

"Umesaini?" akauliza Chausiku.

"Nimesaini."

"Bila kutuuliza?"

"Ningekuja kuuliza, yule bosi ningemkuta tena?"

"Na milioni mbili tunatoa wapi?"

"Hapo sasa," akasema Sadoki, akajikuna kichwa.

Wakapita na bakuli, nyumba kwa nyumba. Mwenye duka la dawa akasema, "Kazi nzuri sana, piteni kesho." Fundi seremala akasema, "Mungu awazidishie, piteni kesho." Mwenye bucha akafuta kisu, akasema, "Watoto wetu hao! Piteni kesho." Kesho wakapita. Kokoto nzima ikasema kesho.

Mchana uleule Chausiku yuko kwenye karai lake, anamuuzia mihogo huyohuyo mwenye bucha. Ikaja kamati ya harusi ya mtu wa mtaa wa pili, na kadi zao za michango zinang'aa dhahabu. Mwenye bucha hakusema kesho. Alitoa elfu ishirini palepale, akashika kalamu mwenyewe. "Niandikeni vizuri, jina langu lisomwe! Na kama kuna kikao, mniite!"

Chausiku akabaki na muhogo mkononi, mafuta yanadondoka kwenye kiatu, hana habari.

Kesho yake akachukua mtaji wote wa mihogo, akaenda kununua kadi mia, za dhahabu. Akaziweka mezani kwa Bi Sikudhani.

"Tunaoa," akasema.

"Anaoa nani?"

"Mtaa. Mtaa wa Kokoto unaoa bajaji. Muuzaji ndiye baba wa bibi harusi, milioni nne ndiyo mahari, na Jumamosi ile ya shirika ndiyo ndoa."

Bi Sikudhani akacheka mpaka miwani ikaingia kwenye chai. Sadoki akakaa chini, akaandika kwa ule mwandiko wake: *Wazazi wa Kokoto wana furaha kukuomba mchango wako katika harusi ya kijana wao, Twende Shule, na mchumba wake, Bi. Bajaji. Kadi hii ni ya mtu mmoja au wawili.*

Wee! Kokoto ikacheka. Mwenye bucha akacheka, akatoa. Seremala akacheka, akatoa. Ila ukicheka sana mkono unatoa kidogo. Zikafika laki nne, zikakwama hapo. Na Jumamosi imebaki siku tisa.

Ndipo Hamdani akachukua kadi arobaini, akavuka mto kwenda kwao, kwa wajomba saba na mashangazi wasiohesabika. Akakaa siku tano. Akarudi na mfuko wa rambo umevimba.

"Milioni moja na laki sita," akasema.

Chausiku akamwangalia. "Umewaambia nini hao?"

"Nimewaambia kuna harusi."

"Wakacheka?"

"Hapana. Walilia. Kwa furaha."

Chausiku akaona hapa pana jambo. Lakini milioni mbili zilikuwa zimetimia, na kiti kile alianza kukisikia chini yake. Akafunga mfuko.

Jumamosi ikafika. Bajaji imeoshwa, imefunikwa chandarua cheupe kama shela, ua la plastiki kwenye kioo. Muuzaji kavaa kanzu, kanuna kama baba wa bibi harusi kweli. Pilau linanukia mpaka kilimani. Watoto sita wako mbele, soksi nyeupe. Na bwana wa shirika kakaa kiti cha mbele, saa mkononi.

Saa tisa ikasikika ngoma. Likaja lori, na juu ya lori watu wa ng'ambo ya mto, na juu ya watu kitanda, godoro, masufuria na kanga doti ishirini. Akashuka Mjomba Kitwana, koti juu ya kanzu.

"Yuko wapi mkwe?"

Chausiku akamgeukia Hamdani. Hamdani akawa anasoma viatu vyake. Ndipo Chausiku alipoelewa. Huyu chizi aliwaambia ni harusi yake yeye!

Mjomba akaenda kwenye shela, akafunua taratibu, kwa adabu. Taa mbili zikamtazama. Vigelegele vya mashangazi vikakatikia njiani.

"Hamdani."

"Naam, mjomba."

"Mkwe wangu ana taa."

"Ndiyo, mjomba."

"Ana namba ya usajili."

"Ndiyo, mjomba."

"Ulituambia ni mweupe, mnene kiasi, na hana maneno mengi!"

"Hapo sikudanganya, mjomba."

Kokoto ikataka kupasuka, ikajikaza. Mjomba hakucheka. "Rudisheni hela zetu."

Bi Sikudhani akasimama. "Mtarudishiwa, baba. Sinunui bajaji kwa hela ya uongo." Akaanza kufungua mfuko. Bwana wa shirika akaangalia saa, zimebaki dakika hamsini.

Chausiku akauona ufunguo unaondoka. Akaiona Jumatatu, mgongo wake na kilima. Akaenda mbele, akapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Na wewe nani, tairi la akiba?"

"Mimi upande wa bibi harusi. Hela ni zenu, chukueni. Ila mmemsafiria mkwe kutoka mbali hivyo, mtaondoka bila hata kumjua? Panda kidogo, mjomba. Nakupeleka na kukurudisha."

Mjomba akawa anasita. Mwanahawa, yule wa sita, akapaza sauti kutoka kwenye mkeka: "Babu, kama unaogopa, nitakushika mkono!"

Hapo mtu mzima angekataaje? Akapanda, na muuzaji akatoa ufunguo shingo upande. Mwanahawa akapakatwa. Chausiku akakaa kwenye kile kiti, mguu ukaikuta breki palepale alipoiota. Wakapanda kilima. Chandarua kinapepea nyuma, Mwanahawa anapiga kelele njia nzima: "Babu, ndiyo hapa! Ndiyo hapa wanaposemaga!" Alikuwa analiona geti la shule kwa mara ya kwanza. Alitaka kuligusa. Wakasogea aliguse, mbuzi akakatiza, Chausiku akakata kona, pwaa! Taa moja kwenye nguzo ya geti.

Walirudi Kokoto bibi harusi ana chongo.

Mjomba akashuka, kanzu ina vumbi, na Mwanahawa bado kamng'ang'ania shingoni. Hakumshusha. Akasimama hivyohivyo.

"Hamdani, njoo. Sisi hatukuchangia bajaji, tulichangia harusi yako. Na mtu anachangiwa mara moja. Chagua. Tuzichukue hela, tukuwekee mpaka uoe mtu mwenye miguu miwili. Au tuziache hapa, na harusi yako iwe ndiyo hii. Siku ukioa kweli, usivuke mto na kadi. Utaoa kwa chai na mkate."

Hamdani alikuwa na msichana moyoni, mtaa mzima unajua.

"Na masufuria, mjomba?"

"Masufuria tunarudi nayo."

Akawatazama watoto. Akalitazama lile godoro jipya, inchi nane, bado lina nailoni. Akafumba macho. "Mjomba, imeshafungwa. Nimeoa."

Ngoma! Vigelegele! Mashangazi wakamfunga bajaji kanga. Bwana wa shirika akasaini, saa kumi kasoro dakika sita. Muuzaji akamkabidhi Bi Sikudhani ufunguo na kusema taa iliyovunjika siyo yake tena, binti keshaolewa. Watu wakala pilau mpaka wakafungua vifungo.

Ikabaki kazi moja.

"Haya," akasema Bi Sikudhani, ufunguo mkononi. "Nani kaileta?"

"Mimi!" wakasema watatu.

"Ni mimi, Bi Sikudhani," akasema Sadoki. "Milioni mbili za watu wawili hawa ni nusu bajaji. Nusu bajaji inakwenda wapi? Nusu nzima nimeileta peke yangu, kwa kalamu na benchi."

"Nusu yako ilikuwa karatasi!" akadakia Hamdani. "Ukatusainia bila kutuuliza, ukatukimbiza mwezi mzima. Bila mfuko wangu ile barua ungefungia karanga. Na nyie wote mnarudi nyumbani mkiwa kama mlivyokuja. Mimi nimetoa harusi yangu. Ipo moja tu, na nimeitoa."

"Umetoa baada ya kukamatwa!" akasema Sadoki. "Uongo wako nusura ututie aibu mbele ya shirika!"

Chausiku alikuwa bado ananuka mafuta ya mihogo. "Mimi ndiye niliyeozesha," akasema. "Kabla sijaleta kadi, Kokoto ilisema nini? Kesho. Mtaji wangu uko kwenye kadi hizo, karai langu leo liko tupu. Na mjomba alipotaka hela zake, wewe Hamdani ulikuwa unasoma viatu, wewe Sadoki unasoma saa. Nani alipanda kilima?"

"Na nani aligonga geti?" wakamjibu wote wawili kwa pamoja.

"Nilimkwepa mbuzi!"

"Dereva wa watoto, safari ya kwanza, taa chini!"

"Mtoto kapata hata mchubuko?"

Mwenye bucha akainuka na mfupa mkononi. "Si wapeane zamu tu?"

"Mshahara ni mmoja na mdogo," akasema Bi Sikudhani. "Ukiukata vipande vitatu, hakuna anayeshiba. Na watoto hawa wanabebwa mikononi. Wazazi wanataka sura moja mlangoni kila asubuhi."

Akampelekea Sadoki ufunguo, akaghairi, akaurudisha. Akampelekea Hamdani, akaurudisha. Akampelekea Chausiku, ukafika mpaka kwenye vidole, Chausiku akausikia ulivyo wa baridi, ukarudi. Nyuma yao watoto sita wameshajipakiza wote pamoja, wanapiga honi.

Haya, nyie mliokaa hapa mnacheka, msiondoke kwanza. Jumatatu iko mlangoni na watoto wameshavaa soksi. Kalamu ilileta nusu, kadi iliamsha mtaa, harusi ya mtu iliuzwa mchana kweupe. Mmoja alisaini bila ruhusa, mmoja aligonga geti, mmoja alidanganya ukoo mzima. Na kiti cha mbele kinakaliwa na mtu mmoja.

Je, ufunguo ungekuwa mkononi mwako, ungempa nani?