Digidigi, Fisi na Tovuti ya Maficho

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mama asiyelala, jicho moja kwa mwana, jicho moja kwa njia.

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Usiku wa manane huo. Mnasikia? Digidigi alisikia. Akainua kichwa, masikio yakasimama, moyo ukaanza ndu, ndu, ndu. Kitu kinakwangua udongo, na hakikwangui popote tu, kinakwangua kwenye kichaka kile kile alikomficha mwanawe jioni.

Hapo zamani za kale, siyo kale ya mababu, kale hii ya juzijuzi, wanyama walishajua kusoma na kila mmoja ana simu yake. Alikuwepo Digidigi, mama mdogo, uzazi wake wa kwanza. Mtoto wake akiitwa Kidori. Nanyi mnawajua kina digidigi: mtoto mchanga hafuatani na mama malishoni. Anafichwa kichakani, anaambiwa lala, usitikisike, mama anakwenda kula majani arudi na maziwa.

Digidigi akapiga mluzi. Ziik! Ziik! Kidori akachomoka kichakani, mbio, mtoto mbele mama nyuma, wakapotelea kwenye miiba. Huko nyuma wakasikia kicheko. Hihihi-huu! Nani anacheka hivyo?

Fisi!

Wakapona. Lakini Digidigi hakulala tena, akawa anageuka huku, anageuka huku, anawaza. Fisi hakunusanusa. Hakuzunguka. Alikuja moja kwa moja kama aliyeelekezwa. Na kichaka kile nilihamia jioni ile ile, hakuna aliyeniona, sikumwambia mtu. Niliandika kwenye tovuti tu.

Tovuti gani? Ngojeni. Nungunungu alikuwa amewatengenezea kina mama tovuti, ikiitwa Maficho. Kila mama ana neno lake la siri. Anafungua ukurasa, anaandika jina, anaandika mtoto kamficha wapi. Kanga, mlinzi wao, anasoma, anajua achunge kichaka kipi, akiona hatari anapiga kelele, ka-ka-ka-ka! Gizani tu ndiko haoni mbali. Ilikuwa nzuri, jamani. Watoto wengi walipona.

Kulipokucha Digidigi akamhamishia Kidori kwenye mwamba uliopasuka. Akaandika. Usiku ukaingia. Kwaru! Kwaru! Fisi huyo, mwambani! Ziik! Mbio!

Asubuhi akamvaa Kanga.

"Shangazi Kanga, ni wewe! Wewe ndiye unayesoma!"

"Mimi? Mimi mwenye vifaranga kumi na vinne? Nimfuate Fisi nimwambie nini, umeamkaje?"

"Basi nani?"

"Sijui, mwanangu. Ila wiki jana mtoto wa jirani yenu Funo alichukuliwa hivyo hivyo, moja kwa moja. Na nyie wenzake mkasema Funo mzembe."

Digidigi alikuwemo. Na yeye alisema.

Akatoka mbio, mbio, mbio mpaka kwa Nungunungu. Akamkuta mlangoni pa shimo lake, anajichana miiba.

"Mzee Nungunungu, tovuti inavuja."

"Haivuji."

"Fisi anasoma tunayoandika!"

"Fisi hana neno la siri. Lako lina herufi ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi! Mtoto wa kwanza huyo, binti yangu. Jani likidondoka, fisi. Upepo ukivuma, fisi. Mke wangu alikuwa hivyo hivyo. Sasa niambie, tovuti inafanya kazi au haifanyi?"

"Inafanya, lakini..."

"Kinachofanya kazi hakiguswi. Majuzi niligusa kidogo tu, kitufe cha kuandika kikapotea, mkanitukana wiki nzima. Nani alisema nina miiba mpaka ndani ya kichwa?"

Ni Digidigi aliyesema. Akatazama chini. Kisha akauliza, "Mzee, tovuti hii yote ulisuka mwenyewe?"

"Nani anasuka yote mwenyewe? Vipande vya JavaScript, lugha ya kusukia tovuti, nilivichukua kwa Mnana, vimeshasukwa, vya bure. Dunia nzima inachukua kwa Mnana."

"Lini ulivichukua?"

"Masika saba nyuma. Na havijachakaa hata kidogo."

Digidigi huyo tena, mbio mpaka mtoni. Mnana, ndege yule fundi wa kusuka, alikuwa ananing'inia kwenye tete, anasuka, chwi, chwi, chwi. Digidigi akamweleza, maneno yanagongana mdomoni. Mnana akashtuka, jani likamdondoka.

"Kipande cha masika saba nyuma? Kile cha kuonyesha majina? Bado kuna mtu anacho?"

"Kina nini?"

"Kina tundu! Kazi yake ni kuonyesha jina. Lakini mtu akiandika amri pale pa kuandika jina, kipande hakiionyeshi, kinaitii. Fisi akijisajili kama mama, halafu mahali pa jina akaandika: kila atakayefungua ukurasa huu, maneno yake yaleteni na kwangu. Basi, ataletewa."

"Na neno langu la siri?"

"Neno lako ni zima, hana haja nalo. Mlango unaufungua wewe mwenyewe, yeye anaingia nyuma yako, kisigino kwa kisigino."

Digidigi akapiga kwato chini. "Na ulijua, Mnana! Ulijua!"

"Nilijua, nikaziba. Kipande kipya kipo, bure kama cha zamani. Nikapanda juu ya mti nikatangaza siku tatu: jamani, cha zamani kina tundu, tundu liko hapa, badilisheni!"

"Ulitangaza na tundu liko wapi?"

"Nisiposema, fundi mwenzangu atajuaje kama ni lake?"

"Nungunungu alikuja kusikiliza?"

"Nungunungu? Sijamwona tangu alipochukua."

"Na Fisi?"

Mnana akalaza manyoya. "Fisi hakosi. Nikitangaza, yeye anakaa mbele kabisa. Ndiye msikilizaji wangu mzuri kuliko wote."

Digidigi akarudi kwa Nungunungu, jasho linamtoka. Akamwambia yote. Nungunungu akapiga miayo.

"Nimesikia. Wiki ijayo."

"Mzee, jua linazama!"

"Basi mvua zikiisha. Nenda kanyonyeshe."

Jua likashuka. Digidigi akasimama njiani, Kidori kamlalia miguuni, joto lake dogo analisikia. Nimpeleke wapi? Nisipoandika, Kanga hatamchunga. Nikiandika, Fisi atamfuata. Akatoa simu, akafungua ukurasa, akaandika:

Kidori yuko shimoni kwa Nungunungu, chini ya mkeka mwekundu.

Akajisemea, Mungu nisamehe, yule naye ana watoto. Lakini ana miiba. Mwanangu ana nini? Masikio tu. Akalala naye kwenye nyasi ndefu, ng'ambo ya shimo, mkono wake juu ya mdomo wa mtoto.

Usiku. Kimya. Kisha, kwaru! Kwaru! Kwaru!

"Hodi humo ndani!"

"Nani saa hizi?" Sauti ya Nungunungu, nzito ya usingizi.

"Mimi Fisi. Sina ugomvi na wewe. Nitolee mgeni wako, yule aliyelala chini ya mkeka mwekundu."

"Mkeka mwekundu? Sina mkeka mwekundu mimi! Sijawahi kuwa nao!"

"Usinifiche, mzee. Imeandikwa."

Fisi akasukuma kichwa shimoni. Watoto wa Nungunungu wakapiga ukunga. Nungunungu akageuza mgongo, kacha-kacha-kacha! Fwaa! Fisi akatoka kinyumenyume, uwii, uwii, miiba kumi na mmoja puani, akakimbia huku analia kama yeye ndiye aliyeibiwa.

Nungunungu akatoka, anatetemeka mpaka miiba inalia. "Nani kamwambia habari za mkeka?"

Digidigi akajitokeza. "Tovuti yako, mzee. Mkeka huo niliuandika mimi leo jioni. Sikumwambia mtu mwingine yeyote."

"Umemleta Fisi kwa wanangu!"

"Na wewe ulimleta kwa wanetu. Mtoto wa Funo yuko wapi?"

Ndani ya shimo watoto bado wanalia. Nungunungu akaingia, akawanyamazisha, akatoka. Hakusema wiki ijayo. Hakusema mvua zikiisha. Usiku ule ule akaenda kwa Mnana, akachukua vipande vipya, akaanza kubadilisha kimoja kimoja. Kitufe cha kuandika kikapotea tena! Kina mama wakamtukana tena! Mpaka adhuhuri kikarudi. Na kwenye orodha ya kina mama akamkuta mama asiyejulikana na mtu, jina refu kama mto, na lote ni amri tupu. Akalifuta.

"Binti yangu," akasema, "sasa imeisha. Tusiwatishe wenzako. Hili libaki hapa hapa."

"Hapana, mzee. Tundu umeziba, lakini aliyoyasoma Fisi hayamtoki kichwani."

Akaenda kichaka kwa kichaka, mbio, mbio, hana hata muda wa kumeza mate. Hameni! Badilisheni maneno ya siri! Hameni leo hii! Alipofika kwa Funo akasimama. Akasema, "Dada, hukuwa mzembe. Tulikusema bure." Funo akamwegemezea shingo begani. Halafu Digidigi akaenda kumhamisha wa kwake.

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni. Kufanya kazi siyo kuwa salama. Ukichukua kitu cha fundi, rudi kwa fundi usikie anasema nini juu yake, maana tangazo la tundu humfikia mwenye nyumba na mwizi siku moja, na mtoto anapona au haponi kwa kutegemea nani kawahi.

Hadithi yangu imekomea hapo, mkia wake nimeukunja. Mnauliza Kidori kafichwa wapi sasa? Mimi najua. Mama yake aliniambia sikioni, nami nikamwahidi: simwambii mtu mwingine.