Kiatu Kwenye Fremu

Uvumi ulianzia kwa jirani wa mlango wa tatu: kwamba katika mbio za mwaka uliopita, mpiga picha mmoja alirudi kinyumenyume barabarani akitafuta picha nzuri, wakimbiaji wakamparamia, akapoteza meno mawili. Ulipofika bombani, meno yalikuwa manne. Ulipofika sokoni, maskini hakuwa tena na jino la kung'atia mkate. Mama alicheka na wenzake, lakini neno lile lilimganda kama kupe, kwa sababu mwaka huu kamera ya mbio alipewa binti yake, kifungua mimba wake.

Mumewe naye alikuwa mkimbiaji. Alikuwa fundi viatu, na majirani walimwita Taratibu, kwa vile tangu aanze kukimbia, miaka kumi na tisa, alifika watu wakikunja viti. Hakuna picha hata moja iliyomwonyesha, kwani wapiga picha hufunga kamera zao washindi wakishapita.

"Magoti yameomba kustaafu," alisema akishona viatu vyake vya mbio. "Mbio hizi ndizo za mwisho. Lakini safari hii nina mpiga picha wangu. Binti, usiponipiga picha, usiniite baba tena. Niite mpita njia."

"Nitakupiga picha mpaka kipara king'ae, baba."

Mama mwenye studio, aliyemfundisha binti kazi, alimwonya mapema. "Picha ya mbio haifukuzwi, mwanangu, husubiriwa. Chagua mahali pamoja, jua liwe mgongoni kwako, lenga mstari, kisha tulia."

Lakini binti alitaka kila kitu: mwanzo, daraja, mlima, mshindi na baba yake. Akapanga pikipiki ya kumzungusha.

"Mama, kamera ni moja lakini miguu ninayo miwili," alimwambia mama yake nyumbani.

"Na meno unayo mangapi?" mama akauliza.

Siku ya mbio mama aliwahi na kigoda, akamwekea binti karibu na mstari wa mwisho, jua likiwa nyuma yake, akakilinda kama kuku anayeatamia.

Huko njiani binti alikuwa mbioni kuliko wakimbiaji. Pale mwanzo jua lilimtazama usoni, nyuso zote zikatoka nyeusi kama masizi. Darajani alipiga huku pikipiki ikirukaruka. Mlimani alibadilisha lenzi katikati ya vumbi, akaifuta kwa ncha ya kanga, vumbi likazidi kutapakaa. Alipofika mwisho, mshindi alikuwa ameshavaa sandali na anakunywa maji; akaambulia picha ya mgongo wake.

Basi akabaki na baba tu. Kigoda kilikuwa kimemezwa na watu. Binti akaingia barabarani, jicho kwenye kamera, uso kwa umati wa mstari wa mwisho na mgongo kwa wakimbiaji wanaokuja, akirudi nyuma hatua kwa hatua, huku akitafuta mahali pa kumpata baba na umati wote pamoja.

Taratibu alitokea konani. Alikuwa amejipangusa jasho, na tabasamu amelitayarisha kabisa. Nyuma yake walikuja vijana wawili wakikimbizana, wakampita kwa kasi, wakielekea moja kwa moja mgongoni kwa binti asiyeona nyuma.

"Meno!" mama akapiga kelele. "Mwanangu, meno!"

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa binti. Aligeuka ghafla. Vijana wakamkwepa huku na huku, lakini baba, aliyekuwa nyuma yao, akamkuta usoni. Akaruka kando kama mbuzi, kamera ikalia, naye akaangukia ng'ambo ya mstari kwa magoti yale yale yaliyoomba kustaafu.

Jioni walikaa watatu mezani, baba akiwa na bandeji miguu yote miwili, wakazitazama picha. Masizi. Ukungu. Vumbi. Mgongo wa mshindi. Ya mwisho ilikuwa kiatu hewani, kimetoka wazi hata ungeweza kuhesabu nyuzi. Binti akajifunika uso.

Baba aliitazama sana. "Mshono huu ni wangu," akasema. "Miaka kumi na tisa sijatokea. Leo umetokea mguu."

Hakukimbia tena. Picha ya kiatu imetundikwa kibandani pake, na wateja huuliza mwenyewe yuko wapi. "Alikuwa anamkwepa binti yake," hujibu, naye binti, akiwapo, huinamisha kichwa.

Basi nyinyi watoto wetu mnaoshika kamera, mwepuke haya:

Kurudi kinyumenyume barabarani.
Kulikabili jua.
Kufungua lenzi penye vumbi, na kuifuta kwa kanga.
Kupiga picha juu ya pikipiki inayokwenda.
Kukiacha kigoda ulichowekewa na mama yako.
Na kutaka picha zote kwa siku moja, kwa maana mtaka yote hukosa yote.