Kitabu Kilichofungiwa Kashani

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma nao wamesikia? Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wa majabalini walikuwa na desturi yao. Kitabu kikishapita masika saba, huletwa mwambani. Mwenye kitabu hafungui mdomo. Wengine wakiweza kukisimulia, hicho ni kitabu cha vizazi, na jina la aliyekitunga huchongwa jiweni. Wasipoweza, basi tena.

Pimbi alikuwa na kitabu alichoandika marehemu mama yake. Kizuri, jamani! Alitamani jina la mama lichongwe. Akakitia kashani, akafunga, ka!

Akaja Kanga. "Shoga, niazime kitabu cha mama."

"Utakimwagia mchuzi." Akafunga, ka!

Wakaja watoto wa Ngedere. "Shangazi, tusomee kidogo tu!"

"Na mikono hiyo? Nendeni zenu. Akiba haiozi." Akafunga, ka!

Hata yeye hakukisoma, asije akakunja kurasa.

Masika ya saba yakapita. Panyabuku akaleta chake. Kimechanika, hakina jalada, kinanuka samaki. Pimbi akacheka, kwi kwi kwi! Lakini Panyabuku hajakaa vizuri, watoto wa Ngedere washaanza kukisimulia, na wazee wanadakia. Jina likachongwa, ko, ko, ko.

"Haya, Pimbi," akasema Nyati, msimamizi wa mwamba.

Pimbi akafungua kasha. Vumbi, tifu! Mchwa walikwisha kukila zamani.

"Si neno," akasema Nyati. "Nani anakikumbuka?"

Wanyama wakageukiana.

Pimbi akatafuta kichwani mwake. Kilianzaje? Akakumbuka kasha. Akakumbuka kufuli. Maneno ya mama hayakuja. Akalia mbele za watu, masikini.

Ndipo Kanga akakohoa. "Mimi nina mstari mmoja. Mama yako alinisomea siku moja, nimesimama mlangoni: 'Mwanangu, mlango usiufunge, kuna mgeni njiani.'"

Nyati akainamisha pembe. "Mstari mmoja hauchongewi jina."

Basi Pimbi akarudi na kasha tupu. Mpaka leo ukimsikia analia majabalini, anawaambia wapitao mstari ule ule. Hana mwingine.

Ndugu zangu, kitabu hakidumu kwa kufichwa. Hudumu kwa kupita mikononi mwa watu, hata kikachakaa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nanyi msiifungie.