Ufunguo wa Sakafu ya Kahawa

Sogeeni karibu, ila achianeni nafasi ya viwiko, maana hadithi hii ikifika mwisho watu huwa wanagombana. Kazi yangu mimi ni kusimulia. Kuamua ni kazi yenu, na kwa jinsi ninavyowajua, mtataka kuikwepa.

Huko milimani Upareni walikuwapo vijana watatu waliopenda ubao wa magurudumu, ule unaosimama juu yake ukateleza nao. Kirumbe alijua kuanguka. Msicheke! Wengine wakianguka wanavunjika. Yeye alianguka, akajiviringisha, akainuka anapangusa vumbi na kuendelea na maneno aliyokuwa akiyasema. Eliamani alijua kusimama. Akishaweka miguu juu ya ubao, ungedhani amepigiliwa misumari. Na Mwajabu, binti pekee kati yao, alijua kukata kona na kuua mwendo. Angeweza kukujia mbio mpaka mbele ya pua yako akasimama hapo hapo, ukashtuka wewe, yeye hana habari.

Mlima mzima ulikuwa na mahali pamoja tu pa kuuchezea mchezo huo. Ilikuwa sakafu ya zamani ya kuanikia kahawa, ya saruji, laini, yenye ukuta na geti la chuma. Mwenyewe alikuwa Bibi Naelijwa. Marehemu mumewe alianika kahawa pale kwa miaka mingi, lakini mibuni ilizeeka na sakafu ikabaki bure. Nje ya geti palianza barabara ya zege iliyoshuka kwa mteremko mkali, ikapinda kwenye zahanati, kisha ikateremka moja kwa moja hadi njia panda wanakopita madereva wa malori ya mchanga, ambao hawamsubiri mtu. Ukisimama getini unaiona yote mpaka chini. Uwekeni akilini mteremko huo.

Wekeni akilini na jambo jingine. Vijana hawa walikuwa na mbao mbili za kushirikiana, na walikuwa na desturi yao: ukishuka kwenye ubao, unaulaza chali, magurudumu yakaangalia juu. Ukiuacha umesimama kwa magurudumu, chochote kinaweza kuuondoa. Walilifanya hilo bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Sasa, Bibi Naelijwa akawaita wote watatu.

"Fundi wa matofali anaitaka sakafu yangu afyatulie matofali," alisema. "Nanyi mnaitaka. Yeye ni mmoja, namjua kwa jina. Nyie ni watatu, na kutwa mnabishana nani zaidi. Mimi nataka mtu mmoja wa kumkabidhi ufunguo, ambaye likitokea la kutokea nitamwita yeye. Ni nani?"

"Mimi, bibi," walijibu wote kwa pamoja.

Bibi aliwatazama mmoja mmoja, hakucheka. "Haya. Mjukuu wangu Nakiete yuko kidato cha pili, na hata kusimama juu ya hilo lidude lenu hajui. Atakayemfundisha akajua, ndiye mwenye ufunguo. Fundi anarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akinikuta sina jina la kumtajia, sakafu ni yake."

Nakiete alikuwa amesimama nyuma ya mlango anasikiliza. Kwa muda mrefu alikuwa akichungulia mchezo ule kupitia tundu la geti, na moyo wake ulikuwa humo ndani ya ukuta. Alijua kwamba yeye asipojua ubao, hakuna wa kuupata ufunguo, na kwamba mchezo wenyewe utakwisha kabla hajauonja.

Wa kwanza kumfundisha alikuwa Kirumbe. Hakumruhusu hata kuugusa ubao. Alirundika maganda makavu ya kahawa kwenye kona ya sakafu, akamwambia aanguke. "Usitangulize viganja, utavunjika mikono. Kunja kidevu. Tanguliza bega, kwenye nyama yake, halafu jiviringishe uuache mwili umalizie safari."

"Kaka Kirumbe, nitapanda lini?"

"Ukiacha kuiogopa ardhi."

Basi akaanguka kushoto, akaanguka kulia, akaanguka akiwa amekumbatia mfuko wa maganda ili azoee kuanguka bila mikono. Alirudi nyumbani nywele zimejaa makapi, na Bibi akamuuliza kama anajifunza ubao au anajifunza kuwa kuku. Lakini woga wa ardhi ulimtoka.

Kisha Eliamani akamchukua. Huyu alianzia kwenye nyasi, mahali ambapo magurudumu hayaendi. "Weka miguu juu ya skrubu, hapa na hapa. Kaa upande. Kunja magoti, usiwe mti. Na macho yaende mbele. Ukitazama miguu yako utaishia miguuni." Alipoona anatulia, alimhamishia kwenye saruji, akamshika mikono miwili, baadaye mkono mmoja, baadaye ncha za vidole tu. Siku moja Nakiete akageuka kumwambia asimwachie, akakuta mwalimu wake yuko kule nyuma, mikono mfukoni. Ndipo alipomfundisha kuusukuma ubao kwa mguu mmoja, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, bila kuyumba.

Mwajabu ndiye aliyemalizia, na alianza kwa kuwasema wenzake. "Wamekufundisha kwenda. Mdogo wangu, mwenda asiyejua kusimama ni balaa kwa watu." Alimwekea ndoo ya maji katikati ya sakafu, akamwambia aijie kwa kasi na asiimwage. Alimwonyesha kushusha mguu wa nyuma na kuburuta soli juu ya saruji, kidogo kidogo, bila kuchomeka kisigino. Alimwonyesha kuegemea vidole vya miguu ubao ukapinda huku, na kuegemea visigino ukapinda kule. Maji yalimwagika mara nyingi mno, na kiatu kimoja cha shule kikaisha soli, mama mtu akapiga kelele nyumba nzima. Mwishoni ndoo ikabaki imejaa.

Kila mmoja wa hao watatu alimnong'oneza Nakiete maneno yale yale: "Ya kwangu ndiyo mwanzo na mwisho. Ya wenzangu ni nyongeza."

Jumamosi ikafika. Fundi wa matofali alikuwa njiani. Nakiete alikuwa anateleza karibu na geti, anajipasha moto kabla Bibi hajaja kumtazama. Walimu wake watatu walikuwa ukuta wa mwisho kule, wanabishana nani ataitwa. Semvua, mdogo wake Nakiete, mtoto aliyeanza juzi tu kusema maneno yakaeleweka, alikuwa anachezea kokoto kando ya geti.

Bibi Naelijwa akatokea kutoka shamba, mkungu wa ndizi kichwani, jembe mkononi. Akalisukuma geti kwa bega na kuliacha wazi. Sasa mtoto aliyelelewa Upareni hawezi kuendelea kucheza huku bibi yake amebeba mzigo. Nakiete aliruka chini, akakimbia kumpokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Shika vizuri, una utomvu."

Nyuma yao ubao ulikuwa umesimama kwa magurudumu yake. Semvua akauona. Akaukalia, akashika kingo kwa mikono yote miwili, akajisukuma kwa miguu kama alivyoona wakubwa wakijisukuma. Ubao ukapita kwenye geti. Bibi alisikia kicheko cha mtoto kinakwenda mbali, akageuka.

Mteremko ulishamchukua.

Nakiete aliutupa mkungu. Ubao wa pili ulikuwa umelazwa chali ukutani. Akaunyakua, akatoka nduki, akaurusha barabarani na kuurukia. Mabingwa watatu nao walikuwa wanakuja mbio, lakini wako mbali, na mguu wa binadamu kwenye mteremko ule haufui dafu. Walifika getini wakaishia kupiga kelele. Kirumbe alikuwa anaita, "Anguka, Nakiete! Anguka!" kwa sababu aliona kasi ile itamuua. Eliamani alikuwa anaita, "Magoti! Macho mbele!" Na Mwajabu, "Buruta! Buruta mguu!" Bibi aliliangusha jembe. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akasimama hivyo.

Nakiete alipiga mguu chini, akapiga tena, akausukuma ubao mahali ambapo mtu mwenye akili zake angeomba upungue. Ulitetemeka chini yake. Alitamani sana kutazama miguu yake. Hakuitazama. Aliikazia macho fulana nyekundu ya Semvua, akakunja magoti, akasimama juu ya kasi ile, na fulana ikaanza kukaribia. Kama angeyumba hapo, mtoto angekwenda peke yake.

Wakafika kwenye kona ya zahanati. Ubao wa Semvua uligonga ukingo wa mtaro, ukapepesuka, ukashika njia tena. Nakiete alikuja kwa mwendo ambao ungemtupa ukutani kwa zahanati. Akashusha mguu, akaburuta soli, harufu ya mpira ikampanda puani. Akaegemea visigino, ubao ukapinda, akatokea upande wa pili wa kona akiwa ubavuni kwa mdogo wake. Kama asingejua kuua mwendo hapo, angempita au angemgonga.

Na mbele yao, njia panda. Lori la mchanga lilikuwa linakuja, dereva ameikandamiza honi. Hapakuwa na nafasi tena ya kuburuta mguu. Nakiete alijinamisha, akamzoa Semvua kwa mikono yote miwili, akamkandamiza kifuani. Akakunja kidevu. Akatanguliza bega. Wakaanguka wote wawili pembeni mwa barabara, wakaviringika kwenye majani, mtoto ndani, dada nje. Kama angetanguliza viganja, angemwachia.

Mbao mbili zikaendelea zenyewe. Lori likapita juu ya mbao hizo, zikasikika zikivunjika vipande vipande.

Vumbi likatulia.  Halafu Semvua akalia, kilio kikali cha mtoto mwenye hasira na mzima wa afya, na Bibi Naelijwa akasema baadaye kwamba hajawahi kusikia sauti tamu kama ile tangu azaliwe.

Walirudi sakafuni, Nakiete bega limechubuka, wakalifunga geti. Bibi alivua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja cha mjukuu wake.

"Nimeona kwa macho yangu kwamba unajua. Mpe aliyekufundisha."

"Ni mimi," alisema Eliamani. "Bila mimi asingemfikia. Angebaki hapa getini akilia na sisi."

"Amfikie halafu?" Mwajabu alidakia. "Angeishia ukutani kwa zahanati, na mtoto akaenda zake. Ni mimi."

"Nyie mlimpeleka mpaka mbele ya lori," Kirumbe alisema. "Aliyemtoa hapo ni nani? Mtoto hana hata mkwaruzo. Ni mimi."

Nakiete alikuwa ameinamisha kichwa. "Bibi, ule ubao aliokalia Semvua niliuacha mimi."

"Umesimama kwa magurudumu?"

"Kwani unaachwaje?"

 Walimu wakatazamana.

"Mimi sikumpa ubao kabisa," Kirumbe alisema kwa sauti ya chini. "Nilijua Eliamani akimpandisha atamwambia."

"Nilidhani ni somo la Mwajabu," Eliamani alisema. "Si ndiye wa kusimamisha?"

"Nilimpata wa mwisho," Mwajabu alisema, na machozi yalishaanza kumlengalenga. "Nilijua ameshaambiwa. Jambo dogo vile."

Bibi Naelijwa aliketi kwenye ukingo wa sakafu, Semvua mapajani. Alilitazama geti ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameliacha wazi, na hilo hakulisema kwa sauti. Nje mtu akabisha hodi. Alikuwa fundi wa matofali, amekuja kuchukua jibu lake.

"Jina moja, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Au nimfungulie fundi."

Hapo ndipo ninapowaachia, jamani. Wewe unayetaka kusema wagawane, ufunguo ni wa chuma na Bibi ameshasema mtu mmoja. Wewe unayetaka kusema apewe Nakiete, naye ndiye aliyeuacha ubao ule, ingawa hakuna aliyemwonya. Na wewe unayetaka kuwanyima wote watatu, mtazame kwanza Semvua, anakula ndizi mapajani kwa bibi yake, kisha uniambie angekuwa wapi saa hii kama mmoja wao angeacha somo lake.

Hodi inabishwa tena getini. Nakiete amefumba kiganja na anakutazama wewe. Je, utamwambia akifungue mbele ya nani?