Bi Pimbi na Gubiti za Wajumbe

Hapo zamani za kale, tena kale ya haswa, wanyama walipokuwa na vikao vingi kuliko akili, palikuwa na shule moja bondeni yenye darasa moja tu lisilovuja. Moja, jamani! Mengine yote, ukiingia masika unatoka umelowa chapachapa.

Na shule hiyo ilikuwa na bodi. Ah, bodi! Mwenyekiti Kiboko, makamu wake Nyati, na mjumbe Kifaru. Walikuwa wakubwa wa miili hao, wakikaa tu viti vinalia nyiii! Watoto wa Nyati walisoma ng'ambo ya mto, kwenye shule ya matajiri. Kifaru hakuwa na mtoto hata wa kuazima. Kiboko alikuwa nao, lakini hakujua wako darasa la ngapi. Hao ndio waliokuwa wakiamua mambo ya shule.

Basi katika kikao cha mwezi mmoja, hao mabwana wakaamua kwamba lile darasa lisilovuja, walimosoma watoto wa darasa la kwanza, liwe ofisi ya bodi. Watoto wakasomee uwanjani, mara tu mapazia ya ofisi yatakapopatikana.

Bi Pimbi aliposikia hayo, moyo ulimpiga paa! Mwanawe wa mwisho, Machano, alikuwa darasa la kwanza, na alikuwa na pumu. Akipigwa na manyunyu tu, kifua kinalia hiii, hiii, kutwa nzima. Masika yalikuwa mlangoni. Kumpeleka uwanjani mtoto yule ilikuwa ni kumchimbia kaburi.

Akamfuata Kiboko mpaka kwake.

"Hodi!"

"Karibu. Nani huyo? Nasikia sauti, simwoni mtu."

"Niko huku chini, Mwenyekiti. Shikamoo."

"Marahaba. Alaa, kumbe Pimbi! Siku nyingine uje na kigoda upande. Haya, unataka nini?"

"Mwenyekiti, watoto watalowa huko nje."

"Walowe! Mvua humkuza mtoto. Mbona mchicha unanyeshewa na unastawi?"

"Mwanangu si mchicha, baba. Ana pumu."

"Basi na asome haraka haraka kabla mvua haijanyesha," Kiboko akasema, akapiga mwayo. "Na ukiwa na la kusema, mama, lisemee kwenye mengineyo. Utaratibu, utaratibu!"

Mengineyo! Hebu tegeni masikio, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzio, maana hapa ndipo penye mambo. Ajenda ya mwisho ya kila kikao iliitwa mengineyo, na hapo tu ndipo mzazi alipoweza kutoa hoja. Hoja ikishatolewa, katibu anahesabu moja, mbili, tatu. Mjumbe yeyote wa bodi akisema "Napinga!" hoja imekufa. Wakikaa kimya, wamekubali, muhuri unagongwa, na uamuzi mpya unafuta wa zamani. Kiboko ndiye aliyeitunga kanuni hiyo, kwa uvivu wake, ili kikao kiishe chai haijapoa. Wazazi walipotoa hoja, wale watatu walifoka "Napinga!" hata sentensi haijafika mwisho. Mwaka mzima haikupita hoja ya mzazi hata moja. Ile ya kuomba choo cha watoto kitiwe mlango, waliipinga huku wanacheka.

Bi Pimbi akarudi kwake na hasira zake. Akakaa jikoni, akawaza.

"Masikio yao ni ya urembo," akajisemea. "Watu hawa wana kiungo kimoja tu kinachofanya kazi, nacho ni kinywa." Mara akacheka peke yake, kwi kwi kwi!

Maana kikao kilichofuata ilikuwa zamu yake ya vitafunio. Kila kikao mzazi mmoja huleta sahani, na bila sahani wale watatu hawaonekani, akidi haitimii.

Akateleka sufuria, akatia sukari na ndimu, akapika gubiti. Mnazijua gubiti, zile peremende za kuvuta, nyeupe na nyekundu? Gubiti njema huvutwa, ikavutwa, mpaka ikashika. Bi Pimbi hakuzivuta sana. Aliziacha laini, zinanata kama ulimbo, akakata madonge makubwa kama ngumi. Ngumi ya Kifaru, si yake yeye.

Siku ya kikao, barazani pa shule, wazazi wakaketi chini, wajumbe wakaketi vitini. Katibu alikuwa Kasuku, mtu wa kanuni, asiyeongeza neno wala kupunguza.

"Ajenda ya kwanza!" akasoma. "Rangi ya mapazia ya ofisi ya bodi!"

"Buluu," akasema Nyati.

"Buluu inaniletea usingizi," akasema Kifaru.

"Wewe huhitaji kuletewa, unakuja nao."

"Unanitukana mbele ya wazazi?"

"Wazazi gani? Mimi sioni wazazi, naona nyasi."

Wakabishana mapazia mpaka jua likavuka utosi. Na darasa lenyewe, nawaambieni, halikuwa na dirisha hata moja! Mwisho wakapitisha manjano, yanunuliwe kesho yake. Bi Pimbi akaivuta sahani yake karibu. Kesho yake ndiyo Machano angetolewa nje.

"Ajenda ya mwisho!" akaita Kasuku. "Mengineyo!"

"Kwanza vitafunio," akasema Kiboko. "Mengineyo hayaendi bila kutafuna."

Bi Pimbi akainua sahani juu ya kichwa. "Karibuni, wakubwa zangu. Ila taratibu. Gubiti hizi watoto huzimumunya kidogo kidogo. Niwakatie vipande vidogo?"

"Vipande vidogo!" Kiboko akafura. "Mimi? Unaniona mtoto wa chekechea?"

Akatia donge zima kinywani, bwaf! Nyati akaona haya kushindwa, akatia mawili. Kifaru hakuhesabu.

Nyam. Nyam. Nya... mmm.

Hapo Bi Pimbi akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama.

"Katibu, natoa hoja. Darasa lisilovuja libaki la watoto wa darasa la kwanza. Bodi ifanye vikao vyake uwanjani, mvua na jua, na vitafunio vikomeshwe kabisa!"

Kiboko macho yakamtoka pima. "Mmmh! Mmm-mmmh!"

"Moja!" akasema Kasuku.

Nyati akatikisa kichwa mpaka pembe zikavuma.

"Makamu wa mwenyekiti anatikisa kichwa, Katibu," akanong'ona mzazi mmoja.

"Naona. Kanuni imetaja kinywa, haikutaja kichwa. Mbili!"

Kifaru akajibamiza taya ukutani, du! du! Gubiti haikubanduka. Kiboko akajitia mikono miwili kinywani, akavuta, gubiti ikatoka uzi mrefu mpaka kitovuni, na meno yakabaki yameshikana. "Mmmmh!" akanguruma, machozi yanamlengalenga.

"Mwenyekiti anasema 'mmh'," akasema Kasuku, akiandika. "Na mtu akiambiwa jambo akajibu 'mmh', amekubali. Tatu!"

Gongo! Muhuri ukashuka.

Vigelegele! Wazazi wakarukaruka, na Bi Pimbi akakaa chini palepale, akalia kwa furaha.

Alasiri gubiti ikayeyuka. "Napingaaa!" akapiga ukelele Kiboko, bonde zima likatikisika. Lakini kikao kilishafungwa, na hapakuwa na mtu isipokuwa mfagizi.

Mwezi uliofuata Kiboko akaja uwanjani mapema, kufuta uamuzi ule. Mvua ilikuwa inamwagika chwaaa! Nyati alileta barua kwamba anaumwa kwato. Kifaru alifiwa na shangazi, yule yule aliyekwisha kufa mara mbili. Bila sahani nani aje? Akidi haikutimia mwezi huo, wala mwingine, wala mwingine. Kiboko akasimama peke yake kwenye tope, huku darasani watoto wamekaa wakavu, wanaimba a-e-i-o-u, na sauti ya Machano iko juu kuliko zote, kifua hakilii hata kidogo.

Anayetunga kanuni ya kuwaziba wadogo midomo, asisahau kwamba na yeye ana mdomo.